SOMO LA JUMA: DAFTARI LA MISTARI MITATU

Mgeni akimwuliza mkulima wa kando ya Mto Tana, "Mwaka jana ulipanda mahindi tarehe gani?" aghalabu hujibiwa, "Baada ya mvua za kwanza." Akizidi kuuliza, "Ulivuna magunia mangapi?" hujibiwa, "Si haba, tumshukuru Mungu." Na akiuliza ni siku ngapi za kazi zilizokwenda katika shamba lile, mwenye shamba hucheka, maana haijapata kumpitikia mtu ye yote kuzihesabu. Majibu haya hayana uongo ndani yake, wala aliyeyatoa si mvivu. Amelima tangu alfajiri mpaka jua limekuwa kali, akarudi tena alasiri. Lakini msimu ukija tena, huanza kana kwamba ndio wa kwanza maishani mwake, kwa kuwa yale aliyojifunza mwaka uliopita yamekwenda na maji.

Wako waandishi wapendao kuwahubiria wakulima habari za uvivu. Mimi sikuona uvivu mwingi katika bonde la Tana. Mtu aliyepanda mara mbili kwa sababu mto ulichukua mbegu ya kwanza, kisha akapanda mara ya tatu kwa sababu jua liliunguza ile ya pili, hastahili kuitwa mvivu. Basi somo la juma hili halihusu kuongeza jasho. Lahusu jambo dogo liwezalo kufanywa jioni, kwa muda usiozidi ule wa kunywa kikombe cha chai, nalo ni kuandika mistari mitatu katika daftari.

MTO ULIOBADILI DESTURI YAKE

Yafaa kwanza tueleze kwa nini jambo hili ni la lazima zaidi Garsen na Ngao na Kipini kuliko mahali pengi pengine. Tana ndio mto mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakazunguka na kupita Garissa na Hola, yakashuka Garsen, na mwisho kuingia katika Bahari ya Hindi huko Kipini. Kwa hiyo mvua imfaayo au imdhuruyo mtu wa Garsen hainyeshi Garsen. Hunyesha mbali, juu ya watu asiowajua, naye huletewa habari zake na mto.

Zamani mto ulifurika aghalabu mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya mvua za vuli. Wapokomo walijenga maisha yao yote juu ya desturi hiyo. Ukingoni palipoinuka walipanda migomba na miembe. Katika mabonde yaliyoinama nyuma ya ukingo walingoja maji yaingie, yaache udongo mpya, kisha wakapanda mpunga au mahindi kwa kuyafuata maji yalivyokuwa yakirudi. Wafugaji wa Kiorma nao walijua wakati wa kuondoka na ng'ombe kwenda nyikani, na wakati wa kurudi mtoni majani yalipokauka. Mzee hakuwa na haja ya kuandika. Mto wenyewe ulikuwa kalenda, na ingawa mara kwa mara ulidanganya, kwa miaka mingi ulisema kweli.

Kisha yakajengwa mabwawa ya umeme katika sehemu ya juu ya mto: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Masinga ndilo kubwa kuliko yote, na kazi yake ni kuyaweka maji ya wakati wa mvua ili yatumike wakati wa kiangazi. Faida yake kwa taa za mijini na mashine za viwandani haina ubishi. Lakini maji yanayowekwa Masinga ni maji yasiyofika Garsen kwa wakati wake wa zamani. Mafuriko ya kadiri, yale yaliyolisha mabonde ya mpunga bila kubomoa nyumba, yamepungua. Mvua zikizidi mno, bwawa hujaa na maji hupita juu yake, nayo yakikutana na mvua za huku chini, huja kwa kishindo.

Mafuriko makubwa si jambo jipya, maana wazee hukumbuka yale ya mwaka 1961, wakati bwawa lo lote kati ya haya lilikuwa halijajengwa. Yalikuja tena mwaka 1997 na kuendelea hata 1998, yakabomoa kingo za mashamba makubwa ya mpunga ya Delta. Yakaja mwaka 2018, na mwishoni mwa 2023, na tena 2024. Wala mto haubadiliki kwa kimo tu. Mwaka 1989 kazi ya kumwagilia mashamba huko Hola ilisimama kwa sababu Tana ilihama mahali pake, ikauacha mlango wa pampu bila maji. Ikiwa wahandisi wenye ramani na vyombo waliachwa na mto namna hiyo, mkulima mwenye jembe ana sababu gani ya kutumaini kumbukumbu ya kichwa peke yake?

WAMISRI NA NGUZO YAO

Wako watu wengine ambao maisha yao yalitegemea mafuriko ya mto mmoja, nao ni Wamisri. Katika kisiwa cha Roda, mjini Cairo, kipo kisima cha mawe kilichojengwa mwaka 861, na katikati yake imesimama nguzo iliyochorwa alama za dhiraa. Maji ya Nili yaliingia kisimani kwa njia za chini ya ardhi, na mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo alitazama yamefika alama gani, akaandika. Desturi yenyewe ni ya kale kuliko kisima hicho. Pliny, mwandishi wa Kirumi, alieleza ya kuwa maji yakifika dhiraa kumi na mbili nchi ilipata njaa, na yakifika kumi na sita ilipata neema. Watawala walikadiri kodi kwa kimo hicho, na wakulima walijua mapema kama mwaka utakuwa wa kupanda sana au wa kuweka akiba.

Angalia ya kuwa nguzo ile haikuweza kuuzuia mto hata kidogo. Mto ulifanya upendavyo. Lakini watu waliandika mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne, na kwa hiyo mwaka mbaya uliwakuta wakiwa na habari zake.

Huku kwetu, vituo vya kupimia kimo cha Tana vipo Garissa na Garsen, lakini hesabu zake hukaa katika ofisi. Hakuna sheria imkatazayo mkulima kuwa na nguzo yake mwenyewe.

MISTARI YENYEWE

Nunua daftari la kawaida la shule, na kalamu ya risasi, yaani penseli. Usitumie kalamu ya wino, maana wino ukipata maji hutawanyika na kuacha doa la buluu, lakini maandishi ya penseli husomeka hata karatasi ikilowa na kukauka. Liweke daftari katika kopo lenye kifuniko kinachobana. (Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku katika Kenya tangu mwaka 2017, na hata ile ya zamani panya waliitoboa.) Kila jioni andika tarehe, kisha mistari mitatu: wa kwanza ni wa mto, wa pili ni wa kazi, wa tatu ni wa fedha.

Kwa mstari wa mto, chagua mti au nguzo ya ukingoni iwezayo kuonekana kutoka mahali salama, ukaichore alama wakati maji yako chini. Nasema mahali salama kwa makusudi. Mamba hana habari ya kuwa umekuja kwa ajili ya elimu, na kiboko hutoka majini kula majani saa zile zile za jioni. Tazama kutoka juu, mchana, uandike: "Maji chini ya alama ya pili," au "Maji yamegusa alama ya tatu." Hayo yatosha.

Kisha, siku usikiapo katika redio ya kuwa maji yamepanda Garissa, au ya kuwa Masinga limejaa na maji yanapita juu yake, andika siku hiyo. Maji yapofika alama yako, andika siku hiyo pia. Hesabu siku zilizo katikati. Ukifanya hivyo mara tatu au nne utakuwa na elimu ambayo hakuna afisa awezaye kukupa, yaani ni siku ngapi maji huchukua kutoka Garissa hata mlangoni pako. Siku hizo ndizo za kuvuna mahindi mabichi yawezayo kuvunwa, kuhamisha mbuzi, na kupeleka magunia mahali palipoinuka. Lakini neno moja la kuonya: maafisa wakisema hameni, hama. Daftari lako ni la kukusaidia kujitayarisha, wala si la kubishana na mafuriko.

Mstari wa kazi huonyesha ni nani aliyefanya kazi, kazi gani, tangu saa ngapi hata saa ngapi. Nasisitiza "nani." Mwanamume anayeandika siku zake mwenyewe tu ameandika nusu ya daftari. Ikiwa mke wake alikwenda mtoni kuteka maji mara tatu, akapalilia, akapika, akatwanga, na mambo hayo hayamo, hesabu itakayotoka itakuwa ya uongo ingawa kila tarakimu ni sahihi.

Mstari wa fedha ni mwepisi: kilichoingia, kilichotoka, kwa sababu gani. Vijana wataniambia ya kuwa simu huweka hesabu hizo, na ni kweli kwamba tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 watu wengi hutembea na habari za fedha zao mfukoni. Lakini simu husema ulimpelekea mtu shilingi mia tano. Haisemi kama zilikuwa za mbegu au za soda. Zaidi ya hayo simu huanguka mtoni.

Bwana mmoja alinipinga kwa hoja nzuri. Alisema, "Wimbo wa taifa la Kenya ulitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza watoto. Akina mama waliuimba bila kuandika, nao haukupotea, hata Mzee Meza Moroa Galana akawaimbia waliokuwa wakiutayarisha wimbo wa taifa kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1963. Basi kwa nini tuandike?" Nilifikiri kidogo kabla ya kumjibu. Wimbo ule haukupotea kwa sababu uliimbwa kila usiku, katika kila nyumba yenye mtoto. Kitu kinachorudiwa kila usiku hakihitaji karatasi. Lakini ni nani huimba kila usiku tarehe aliyopanda mpunga?

HESABU YA MPUNGA

Sasa tutazame daftari linavyofanya kazi. Tuseme yuko mkulima mmoja karibu na Garsen mwenye bonde la mpunga na miembe michache ukingoni. Mwisho wa msimu anakaa na mkewe kulisoma daftari. Mpunga umetoa magunia sita; kama yangeuzwa yote kwa shilingi 3,000 kila moja yangekuwa shilingi 18,000. Gharama za mbegu, vibarua wa kupalilia, magunia matupu na usafiri zilikuwa shilingi 7,500. Zimebaki shilingi 10,500. Lakini mstari wa kazi waonyesha ya kuwa jamaa wote pamoja walitoa siku 70. Gawanya 10,500 kwa 70, utapata shilingi 150 kwa siku.

Miembe ilileta shilingi 9,000 kutoka kwa mwenye gari aliyekuja kununua, gharama zikawa 1,000, na kazi ikachukua siku 16 tu. Gawanya 8,000 kwa 16, utapata shilingi 500 kwa siku.

Mtu mwenye haraka atasema papo hapo, "Basi mpunga hauna faida, tuuache." Asikilizwe, lakini asitiiwe. Gunia la mpunga lililo ndani ya nyumba lina thamani nyingine mwezi ule ambao barabara imekatwa na maji na bei ya unga imepanda. Tena embe huliwa kwa majuma machache, kisha huisha au huoza, na mwaka ambao kila mtu ana maembe mwenye gari hutaja bei apendayo. Hesabu hutumika kuuliza swali, isitumike kulifunga.

Swali lenyewe ni hili: siku 70 zilikwenda wapi? Mkulima wetu arudi nyuma katika kurasa, ahesabu. Kulima na kupanda, siku 18. Kupalilia, siku 12. Kuvuna na kupura, siku 12. Na kuamia ndege, siku 28. Haya! Siku 28 za mtu kukaa juu ya dungu, akipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo! Mwenye shamba hakujua, kwa kuwa kila siku ilionekana kuwa siku moja tu.

Tena mstari wa kazi waonyesha nani aliyekaa dunguni. Siku 17 ni za mama na bibi. Siku 11 ni za mtoto wa darasa la sita. Katika shule siku 11 ni zaidi ya majuma mawili ya masomo, nayo ni majuma yale yale ambayo mwalimu alifundisha sehemu na asilimia, kisha mwisho wa mwaka baba akashangaa kwa nini mtoto ameshindwa na hesabu. Hakuna aliyekusudia kumtoa mtoto shuleni. Alitolewa Jumanne moja, na Alhamisi moja, na siku tatu za juma lililofuata.

Baada ya kuona hayo, mambo mawili yawezekana. La kwanza ni kupatana na majirani wenye mabonde yaliyopakana kupanda katika juma moja. Ndege huja kwa makundi, nao hushuka palipoiva kwanza na kurudi palipoiva mwisho. Shamba moja likiiva peke yake hulisha kundi zima. Mashamba matano yakiiva pamoja, madungu machache hutosha kwa wote, na watu hukaa kwa zamu. Tuseme kwa njia hiyo kila nyumba yatoa siku 10 badala ya 28. Siku 70 zitakuwa 52, na malipo ya siku moja yatapanda kutoka shilingi 150 hata kama shilingi 200, bila kuongeza gunia hata moja. La pili ni kuandika majina ya zamu mapema, na kuweka sharti ya kuwa siku za shule dungu ni la watu wazima.

Napenda kukiri ya kuwa kupatana na majirani ni kazi ngumu kuliko kugawanya 10,500 kwa 70. Mmoja atachelewa kulima, mwingine atasema shamba lake limeinama zaidi na maji hayajatoka. Lakini mtu anayekwenda kwa jirani yake na ukurasa wenye siku 28 husikilizwa vingine kuliko anayekwenda na manung'uniko.

KOSA LANGU MWENYEWE

Asije mtu akafikiri ya kuwa namwagia wakulima mashauri kutoka kivulini. Kazi yangu ni kufasiri. Hupewa maneno ya maofisa yaliyoandikwa kwa Kiingereza, nikayatia katika Kiswahili kitakachoeleweka na mtu wa Lamu na mtu wa Hola. Msimu mmoja wa mvua niliwekewa mezani tangazo la kurasa nne lililohusu maji yaliyokuwa yakija kutoka juu. Nikaulizwa, "Utamaliza lini?" Nikajibu bila kufikiri, "Kazi ya asubuhi moja." Nikaliweka chini ya karatasi nyingine, kwa kuwa asubuhi moja hupatikana wakati wo wote.

Nilipolishika, lilikuwa na maneno magumu ya vipimo na majina ya mahali, likanichukua siku moja na nusu. Lilipofika katika vijiji viwili, wenyeji walikuwa wamekwisha kuuona mto wenyewe, nao hawakuwa na haja ya karatasi yangu. Hakufa mtu. Lakini mbuzi walikwenda, na magunia yalikwenda, na mzee mmoja aliponiona baadaye hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo lilinichoma kuliko lawama.

Tangu siku hiyo nami nina daftari. Kwa kila ukurasa ninaofasiri naandika saa niliyoanza na saa niliyomaliza. Baada ya miezi miwili niliona mambo ambayo sikuyajua juu ya nafsi yangu, ingawa nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini. Ukurasa mmoja wa maneno magumu hunichukua saa moja na nusu nikiufanya asubuhi. Nikiufanya baada ya chakula cha mchana hunichukua karibu saa tatu, nao huwa na makosa mengi zaidi. Tena niliona ya kuwa katika siku ya kazi ya saa nane, saa zilizoingia katika kufasiri hasa hazikuzidi nne. Nyingine zilikwenda katika simu, salamu, kutafuta karatasi iliyopotea, na kufasiri barua fupi za watu waliosema, "Ni dakika mbili tu."

Salamu sikuziacha, maana mtu asiyesalimu hana kwao. Lakini kazi nzito naifanya asubuhi, na barua za dakika mbili nazikusanya hata saa nane mchana. Na nikiulizwa sasa, "Utamaliza lini?" hulifungua daftari kabla ya kufungua kinywa. Mara nyingi jibu langu humwudhi anayeuliza, kwa kuwa ni refu kuliko alivyotaka, lakini kazi hufika siku niliyoitaja.

MFUGAJI NA MTU WA MJINI

Mfugaji aweza kuandika vilevile: siku ng'ombe alipopandwa na siku alipozaa, siku ya dawa ya kupe, bei aliyouza mnadani na hali ya malisho siku hiyo. Mtu anayeona katika daftari ya kuwa kwa miaka mitatu mfululizo aliuza dume lake mwezi ule ambao kila mtu anauza kwa sababu ya ukame, atapata wazo la kuuza moja mapema, wakati ng'ombe angali mnene. Ikiwa hajui kuandika, mtoto wa shule aandike akisimuliwa. Wako wazee wasiojua herufi hata moja ambao madaftari yao ni safi kuliko ya makarani.

Kijana wa bodaboda wa Minjila naye, jioni akihesabu shilingi 1,200 mfukoni, hudhani zote ni zake. Aandike petroli, aandike hela za mwenye pikipiki, kisha atenge kidogo kila siku kwa ajili ya tairi, kwa kuwa tairi huisha polepole lakini hununuliwa kwa siku moja.

Liko na jambo zito zaidi. Tangu Agosti 2012 hata Januari 2013, watu zaidi ya mia moja waliuawa katika Delta ya Tana, wanawake na watoto miongoni mwao, katika vita vya Wapokomo na Waorma. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa haikukosekana; lakini chini yake palikuwa na magomvi ya kila siku juu ya mashamba yaliyoliwa na ng'ombe, na malka, yaani njia za kuteremshia mifugo mtoni, zilizozibwa kwa kulimwa. Mbele ya wazee huyu husema, "Ng'ombe wake wamekula shamba zima," na yule husema, "Hapo ni malka tangu babu yangu." Wote wawili wakiwa na hasira, wote wawili wakiwa hawana tarehe.

Sisemi ya kuwa daftari lingezuia damu ile. Nasema ya kuwa mkulima aliyeandika, "Jumatatu, ng'ombe waliingia upande wa mashariki, migomba kumi na minne," na mfugaji aliyeandika, "Tarehe 3 nilipita malka ikiwa wazi, tarehe 20 nimeikuta imepandwa mahindi," wamewapa wazee wa pande zote mbili kitu cha kupima. Fidia ya migomba kumi na minne yaweza kuhesabiwa. Fidia ya "shamba zima" haiwezi kuhesabiwa, na isiyohesabika hailipwi, na isiyolipwa hubaki moyoni.

NAMNA YA KULITUNZA

Wengi wataanza kwa bidii, kisha juma la pili watasahau siku mbili, wakaona haya, wakaacha kabisa. Usiache. Ukisahau, piga mstari mtupu, uendelee na siku ya leo. Usijaze siku zilizopita kwa kubahatisha, maana ukurasa wenye nafasi wazi ni wa kweli, na ukurasa uliojazwa kwa kubuni utakudanganya mwaka ujao ukiwa umesahau ya kuwa uliubuni.

Chagua siku moja ya juma ya kulisoma, Ijumaa baada ya sala au Jumapili baada ya ibada, ukalisome pamoja na wale unaofanya kazi nao. Muda wa robo saa watosha. Tafuta jambo moja tu la kubadili juma lijalo. Mtu anayeamua kubadili mambo saba kwa pamoja, Jumatano humkuta akiwa vile vile alivyokuwa.

Daftari likijaa, andika mwaka juu ya jalada kwa herufi kubwa. Usimpe mtu karatasi zake. Katika nchi hii kurasa nyingi zenye maarifa zimefungia njugu na mahamri, wala mwuzaji hana kosa, aliletewa. Liweke pamoja na kitambulisho, karatasi za shamba, na vyeti vya shule vya watoto, ndani ya kopo lile lile lenye kifuniko, juu ya dari karibu na mlango, mahali ambapo mtu wa nyumbani aweza kupapasa gizani akalipata, usiku ambao maji yatakuja.